Kuchora grafu ya pau yenye namba hasi: mfano wa joto la njia ya Marangu

Mgeni anayeshuka garini hapa Moshi jasho likimtiririka haelewi kwa nini unamsisitizia glovu na koti zito. Mwonyeshe grafu, ubishi unaisha. Ila joto la Mlima Kilimanjaro linavuka sifuri, na pau tulizozoea shuleni zilikuwa za idadi ya wanafunzi na magunia ya mahindi, vitu visivyo na hasi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Andaa karatasi ya grafu yenye miraba mikubwa ya sentimita 2 (kila upande visanduku kumi), rula, penseli na raba.

Hatua ya 1: Pata namba

Kwa wastani, joto la hewa hushuka kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Nimechukua Moshi mjini kuwa mita 800, siku ya nyuzi 24, nikapiga hesabu kwa vituo vya kulala vya njia ya Marangu, mojawapo ya njia za kupanda mlima, hadi kileleni Uhuru, na kukadiria kwa nusu nyuzi:

Moshi (mita 800): 24
Mandara (mita 2,720): 11.5
Horombo (mita 3,720): 5
Kibo (mita 4,720): −1.5
Uhuru (mita 5,895): −9

Ni makadirio, hayakusomwa kwenye kipimajoto, na usiku kunakuwa na baridi kali zaidi. Liandike neno "makadirio" kwenye grafu yenyewe.

Hatua ya 2: Weka sifuri mahali pake

Usianze na pau. Tazama kwanza namba kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote: 24 na −9. Zisogeze hadi namba nzima zinazogawanyika kwa tano, upate 25 na −10. Kutoka juu hadi chini ni nyuzi 35. Kila mraba mkubwa ukibeba nyuzi 5, unahitaji miraba saba, yaani sentimita 14. Mitano iwe juu ya sifuri, miwili chini.

Chora mstari wa wima, uugawe 25, 20, 15, 10, 5, 0, −5, −10. Kisha kwenye 0 piga mstari wa mlalo, mnene kuliko mingine yote. Huo ndio sakafu ya kila pau, iwe inapanda au inashuka.

Wapo wanaoufanya ukingo wa chini, kwenye −10, kuwa sakafu. Fuatilia kinachotokea. Pau ya Moshi inapata urefu wa nyuzi 34, ya Kibo 8.5, ya Uhuru 1 tu. Zote zinaelekea juu, kwa hiyo mtazamaji anaona Kibo kuna joto kiasi na Uhuru karibu hakuna kitu, wakati Uhuru ndiko kwenye habari yenyewe. Wengine huona alama ya kutoa wakaipuuza, wakachora 9 kwenda juu. Sasa kilele kimekuwa na joto kuliko Horombo! Kosa hili la pili ni baya zaidi, maana grafu inapendeza na hakuna anayeishtukia.

Hatua ya 3: Chora pau

Kila nyuzi moja ni visanduku vidogo viwili. Hesabu kutoka kwenye mstari wa sifuri: Moshi 48 kwenda juu, Mandara 23, Horombo 10. Kibo visanduku 3 kwenda chini, Uhuru 18 kwenda chini. Upana wa pau uwe sawa, na nafasi kati yake ziwe sawa.

Pau ya Kibo ni fupi mno, rahisi kuonekana kama uchafu wa penseli. Usiirefushe ili ionekane. Itie rangi iliyokolea, inatosha.

Hatua ya 4: Majina na rangi

Majina ya vituo usiyaandike chini tu ya mstari wa sifuri, yatagongana na pau za Kibo na Uhuru. Yashushe yote chini ya −10, yakae mstari mmoja. Thamani iandike kwenye ncha ya pau: juu kwa chanya, chini kwa hasi, na alama ya − isisahaulike.

Rangi mbili zinatosha. Kama utatoa fotokopi nyeusi na nyeupe, pau za hasi zijaze mistari ya mshazari.

Kwa nyuzi za Selsiasi, mstari wa sifuri una maana ya kushikika: ndipo maji yanapoanza kuganda. Ndiyo maana usiku wa kwenda kileleni chupa hubebwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo wa chupa unabaki wazi. Lakini usiseme Moshi kuna joto mara mbili ya Mandara kwa sababu pau ni ndefu mara mbili. Nyuzi za Selsiasi hazisomwi hivyo.

Ukitumia Excel

Sifuri itajipanga yenyewe, ila majina ya vituo yatakaa juu ya pau za hasi. Bofya mara mbili kwenye majina hayo, fungua sehemu ya Labels, na kwenye Label Position chagua Low. Kwa rangi, bofya pau, ingia Fill, chagua Solid fill, weka tiki kwenye Invert if negative. Vitatokea visanduku viwili vya rangi, cha kwanza cha chanya, cha pili cha hasi. Cha pili usikiache cheupe, la sivyo Kibo na Uhuru zitapotea kwenye karatasi.