Mlima Kenya na Mzigo Mgongoni: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujafika Getini

Anayepanda Mlima Kenya na hema lake mgongoni hupata raha ambayo wenye ratiba ya kampuni huikosa: kulala Ziwa Ellis akitaka, au kushinda ukingoni mwa Bonde la Gorges akitazama Ziwa Michaelson chini ya magenge. Ila kilichosahaulika nyumbani ndio kimesahaulika. Huko juu hakuna duka.

Msimu: Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Aprili na Novemba waachie wenye hamu ya matope, hasa njia ya Naro Moru, ambako mteremko wa juu ya kambi ya Met Station ni kinamasi.

Mzigo: usizidi robo ya uzito wako. Vizito vikae katikati, vikigusa mgongo. Ukiviweka mbali vitakuvuta nyuma kwenye kokoto za kuelekea kilele cha Lenana. Kifuniko cha mvua cha begi hakitoshi, maana maji hupenya upande wa mgongoni. Mfuko wa kulalia na nguo za usiku viingie kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunjwa mdomo. Na chupa za maji za kutupa zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya kudumu.

Jinzi iache. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili, na kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200, usiku huganda. Mfuko wa kulalia huandikwa nyuzijoto zaidi ya moja, kuanzia ya kulala vizuri hadi ya kunusurika tu. Nunua kwa kuangalia ya kwanza, nayo iwe chini ya sifuri.

Chakula: kwenye kimo hicho maji huchemka kwa takriban nyuzi 86, kwa hiyo maharagwe na githeri vitamaliza gesi bila kuiva. Beba uji, tambi za dakika tatu, chapati, njugu, tende. Mtungi wa gesi ulale nao, kwani ukipoa sana moto hufifia. Ndege haikubali mitungi hiyo. Anayetoka nje ya nchi ainunue Nairobi. Pimbi wa Shipton hawaogopi mtu, wala hawashindwi na zipu.

Sasa siku. Hapa ndipo watu wanapoumia, na kisa ni kilekile. Kikundi kinatoka Nairobi, mita 1,700 hivi, Ijumaa alfajiri. Jioni kiko kambi ya Old Moses, mita 3,300, kwenye njia ya Sirimon. Jumamosi kinatembea kilomita 14 hadi Shipton, na saa tisa usiku kinaanza kupanda Lenana, mita 4,985, kwa sababu Jumatatu ni kazini. Mmoja hakula chakula cha jioni. Anakohoa kikavu, anasema ni vumbi. Wenzake wanampa dawa ya maumivu ya kichwa, kichwa kinatulia, wanaona amepona. Hajapona: ni ugonjwa wa kimo, maji yanajaa mapafuni. Dalili ya kuaminika ni kuhema akiwa amekaa kitako. Ukishuku ubongo unavimba, mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole. Akiyumba, jibu limepatikana.

Anashushwa saa hiyohiyo, usiku huohuo, mita 500 hadi 1,000, wala haachwi ashuke peke yake. Hapa njia ya Sirimon ina mtego: ukitoka Shipton unafuata Bonde la Mackinder, kisha lazima upande tena kuvuka mgongo wa mlima ndipo uelekee Old Moses. Mgonjwa wa mapafu atapanda kwa miguu gani? Basi shukeni akiwa bado anaweza kutembea. Na msidanganyane kwamba heri avuke kileleni atokee njia ya Chogoria, upande wa pili; kufika huko ni kupanda karibu mita 800 kwanza.

Kinga ni kuongeza usiku. Ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Angalau lala usiku mbili Old Moses, mchana wa katikati upande kidogo na kurudi. Kuna dawa, asetazolamaidi, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na usidhani inakuruhusu kukimbia.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Kwenye mianzi zungumzeni kwa sauti ili nyati na ndovu wawasikie. Mawingu hupanda mchana, kwa hiyo uwe kambini kufikia saa nane, na ramani uwe umeipakua kabla. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Miwani ya jua, hata kama ni mweusi na unadhani huungui. Usipande peke yako. Hata getini hawatakuruhusu. Mtu wa nyumbani ajue utatokea geti gani na siku gani, na ukibadilisha njia mpigie kabla mtandao haujakata. Mito ikijaa subiri. Moto wa kuni usiwashe. Kucha za miguu kata mapema…