Mbps na MB/s: namna ya kubadili vipimo vya kasi ya intaneti

Umelipia intaneti ya nyumbani ya Mbps 20. Unashusha faili, kivinjari kinakuandikia 2.3 MB/s, unaona kabisa umepigwa. Kabla hujampigia fundi simu aje Mbezi na foleni hii, chukua kikokotoo.

Hatua ya 1: Angalia herufi b

b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti 8. Kasi ya intaneti huuzwa kwa biti (Mbps ni megabiti kwa sekunde). Kivinjari huonyesha baiti kwa sababu faili lenyewe linahesabiwa kwa baiti. Mabango ya mtaani hayajali herufi, hivyo ukikuta "20MBPS" kwa herufi kubwa tupu, isome kuwa megabiti.

Hatua ya 2: Gawanya au zidisha kwa 8

Kutoka Mbps kwenda MB/s, gawanya: 20 ÷ 8 = 2.5. Kurudi, zidisha: 2.3 × 8 = 18.4 Mbps. Hiyo 1.6 iliyopungua haijaibwa. Data husafiri kwa vipande, na kila kipande hubeba anwani zake. Ni kama mchele unaopimwa pamoja na gunia. Toa asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya gunia, na 2.3 inabaki kuwa kasi nzuri tu.

Hatua ya 3: Panga kilo, mega na giga

Simu ikionyesha 850 KB/s (kilobaiti kwa sekunde) juu ya kioo: 850 × 8 = 6,800 kbps (kilobiti), gawanya kwa 1,000, unapata Mbps 6.8. Kwenye kasi ya mtandao tumia 1,000, siyo 1,024. Hiyo 1,024 inakuja kwenye ukubwa wa faili: Windows ikiandika GB 1 inamaanisha baiti 1,073,741,824, yaani asilimia 7.4 zaidi ya bilioni moja. Kwa faili dogo haisumbui. Kwa video ya harusi inasumbua.

Hatua ya 4: Tafuta muda

Tuseme video hiyo ni GB 3.5 kwa hesabu ya Windows, upo Sinza na unaipandisha kwa mteja. Kasi ya kupandisha ni Mbps 4 (usichukue ya kushusha, mara nyingi ni kubwa kuliko hii, na hapa ndipo wengi wanapokosea).

3.5 × 1.074 = GB 3.76 halisi
3.76 × 8 × 1,000 = megabiti 30,080
Mbps 4, toa asilimia 10 = 3.6
30,080 ÷ 3.6 = sekunde 8,356, kama saa 2 na dakika 19

Aliyegawanya 3,500 kwa 4 alipata sekunde 875, akamwahidi mteja robo saa. Alisahau 8.

Hesabu hiyohiyo inakuambia bando litaisha lini. Mbps 10 zikitumika zote ni MB 1.25 kwa sekunde, MB 75 kwa dakika. Bando la GB 1, ukilihesabu kuwa MB 1,000, linakatika ndani ya dakika 13 na sekunde 20.

Hatua ya 5: Linganisha na kipimo

Pima kwa kebo, si kwa Wi-Fi, na zima kwanza simu na runinga zinazovuta intaneti. Kasi ikipungua kidogo, ni lile gunia. Lakini ukiwa na kifurushi cha Mbps 200 na kipimo kikagoma kwenye 94 kila mara, hapo acha kulaumu mtoa huduma: 94 ni 100 ukitoa gunia, maana yake kompyuta na rauta zimeunganishwa kwa Mbps 100. Kasi inayofuata juu yake, Mbps 1,000, inataka nyaya zote 8 za kebo. Ya 100 inatosheka na 4, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja wa 4, 5, 7 au 8 ukiwa haukubanwa vizuri, intaneti inafanya kazi bila kulalamika, ila haivuki hapo. Kata kichwa cha kebo, bana kipya, pima tena. Ikibaki 94, soma maandishi ya tundu la rauta. Kama ni la 100, hakuna kebo itakayokusaidia.