Hesabu kwenye tuta la sukuma wiki, ninavyofanya na darasa la nne

Walimu wenzangu, watoto wangu 500 gawanya kwa 50 ubaoni wanapata 10 bila shida, ila tukitoka nje na miche mkononi hiyo 10 inaanza kuwasumbua. Ndo maana siku hizi mada hii naanzia bustanini, ubao baadae. Vifaa: kamba ya katani, vijiti vya kuchomeka, rula ya mita moja, ndoo.

Hatua ya 1: kamba
Waambie wafunge mafundo kila sm 50 mpaka wapate nafasi 12, na wapime fundo hadi fundo kwa sababu fundo lenyewe linakula kamba. Wengi watafunga mafundo 12, wakihesabu nafasi wanakuta 11, kelele zinaanza. Wewe kaa kimya. Atatokea mmoja atasema mwalimu yanatakiwa 13.

Hatua ya 2: kona
Mtoto mmoja ashike fundo la 1 na la 13 pamoja, wa pili fundo la 4, wa tatu la 8, wavute kamba ikaze. Pande zinakuwa nafasi 3, 4 na 5, na pale kwenye fundo la 4 unapata pembe mraba safi. Hapo huhitaji kutaja Pythagoras kwa darasa la nne, wape kona basi, wachomeke vijiti.

Hatua ya 3: tuta
Mita 5 kwa mita 1. Mzingo wautembee kwa miguu, mita 12. Eneo chukua fito nne za mita moja, funga mraba, wauhamishe juu ya tuta wahesabu umelala mara ngapi. Mara 5. Wakishafanya hivi kuchanganya mzingo na eneo kunapungua sana.

Hatua ya 4: miche, hapa msikimbie
Swali: mstari wa mita 5, mche kila sm 50, miche mingapi? Kila kundi liandike jibu chini KABLA ya kupanda. Wa 10 watakuwepo, na waliokumbuka mafundo watasema 11. Kweli ukianza ukingoni kabisa unapata 11, sasa waulize huo mche wa ukingoni udongo ukimomonyoka utashika wapi? (Mwaka wa kwanza mimi niliwaacha wakapanda hivyo hivyo, mvua moja tu miche ya kona yote ikalala.) Basi anzieni sm 25 ndani, mwisho napo bakizeni 25, rudia kuhesabu: inarudi 10! Kwa hiyo 10 ile ya ubaoni haikuwa kosa, ilikuwa inategemea unaanzia wapi, na mtoto akishaliona hilo kwa macho huhitaji kumkaririsha. Upana weka mistari miwili, jumla miche 20. Wenye kasi wape hii: kila mche umechukua 0.5 × 0.5, yaani 0.25 ya mita ya mraba, 5 gawanya kwa 0.25 ni ngapi?

Hatua ya 5: asilimia
Pembeni pandeni maharage 20, kila mbegu ni asilimia 5. Zikiota 17 ni 85. Tukitaka mimea 100 tupande mbegu ngapi? Kikokotoo kitasema 117.6 na yupo atakayeandika hivyo hivyo, muulize hiyo 0.6 ya mbegu inaotaje.

Hatua ya 6: maji na mauzo
Nusu lita kwa mche, miche 20, ni nusu ya ndoo ya lita 20. Mauzo daftari washike wao, na bei ya mbegu iandikwe kwanza.

Juzi tumeanza uzio, mzingo mita 40, nguzo kila mita 2. Darasa zima kwa kujiamini, nguzo 21 mwalimu! Nikawaacha wachimbe. Shimo la 21 likaangukia kwenye shimo la 1.