Makarios yupi? Namna ya kuwatenganisha

Mtu akiniletea picha ya zamani iliyoandikwa nyuma "Askofu Makarios" tu, mimi huuliza kwanza: ya mwaka gani? Hapa Riruta, Nairobi, tunao wawili. Makarios III wa Kupro, askofu mkuu aliyekuwa pia rais wa nchi yake, alikuja Kenya 1971 akabatiza watu kwa maelfu, na seminari yetu ya Kiorthodoksi inabeba jina lake. Alifariki 1977. Mwingine ni Makarios Tillyrides, mzaliwa wa Limassol, aliyefundisha kwenye seminari hiyohiyo na mwaka 2001 akakalia kiti cha askofu mkuu wa Kenya. Kwa hiyo picha ya miaka ya tisini haiwezi kuwa ya rais. Ndevu usizitegemee hata kidogo, wala kofia nyeusi. Maaskofu wote wanazo.

Mwaka usipopatikana, tafuta namba. Wagiriki huziandika namba za maaskofu na wafalme kwa herufi: Α΄ ni 1, Β΄ ni 2, Γ΄ ni 3. Hicho kialama kidogo pembeni ya herufi watu hukidhania tone la wino, kumbe ndicho kinachokuambia kwamba unasoma namba. Kuna mahali hata mwaka hautoshi. Makarios Β΄ alikuwa askofu mkuu wa Kupro tangu 1947, akafariki Juni 1950. Oktoba mwaka uleule akachaguliwa Makarios Γ΄. Barua ya 1950 isiyo na mwezi wala herufi, mimi huiweka kando.

Jambo la tatu ni jina la kuzaliwa. Anayeingia utawani hupewa jina jipya, na askofu husaini kwa hilo pamoja na jimbo lake, bila ukoo. Makarios III alizaliwa 1913 akiitwa Michael Mouskos, katika kijiji cha Panagia, wilaya ya Paphos. Ukitafuta habari za utoto wake kwa jina la Makarios utazunguka bure.

Sasa neno Agios, yaani mtakatifu, ambalo mara nyingi hufupishwa Ag. Kwenye ramani linaweza kuwa kanisa, mtaa, kijiji au mji mzima: Agios Nikolaos ni mji wa Krete, Agios Athanasios uko kando ya Limassol. Lakini rais wa Kupro hakutangazwa mtakatifu. Ukikuta Agios Makarios, ondoa maaskofu wetu wote wawili na utafute kwa wazee wa kale: Makarios wa Misri, mtawa wa jangwani wa karne ya 4, anayekumbukwa 19 Januari, au Makarios wa Korintho, aliyefariki 1805. Hawa hutajwa kwa mahali, basi shika mahali.

Kwenye biashara ndiko watu wanakopotea zaidi. Kigiriki hubadilisha mwisho wa jina: Makarios akiwa mwenye kitu huwa Makariou. Leoforos Makariou ni barabara ya Makarios, na Kupro zipo Nicosia, Limassol na kwingineko. Duka lenye neno hilo kwenye karatasi zake huenda linataja anwani tu. Huenda pia Makariou ni ukoo wa mwenye duka, asiye na undugu wowote na askofu. Soma neno lililo mbele yake, na kama kuna namba ya nyumba, hiyo ni anwani. Hospitali ya akina mama na watoto ya Nicosia, hiyo kweli imepewa jina la askofu mkuu. Uwanja wa Makario wa mjini humo vilevile.

Ukishamjua, andika nyuma ya picha kwa penseli, usitumie kalamu ya wino: jina, namba, ukoo kwenye mabano, cheo chake wakati huo, mahali, mwaka. Mfano: Makarios III (Mouskos), Askofu Mkuu wa Kupro, Nairobi, 1971. Kama mwaka umeukisia, weka alama ya kuuliza.