Kabla Hujafungua Tairi Kuangalia Kalipa za Gari Yako ya Umeme

Usianze kazi hii jua linazama. Anza asubuhi, na viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Gari izime, na usitegemee masikio: gari ya umeme ikiwa imewaka haina mlio. Waya wa chaji uchomoe, ufunguo upeleke ndani ya nyumba. Nyaya zenye ganda la rangi ya machungwa usiziguse wala kuzisogeza. Zimebeba umeme mkubwa wa betri, na kazi ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski ya tairi, haizihusu.

Jeki nayo ina adabu zake. Nyua zetu nyingi ni mchanga, kwa hiyo tanguliza ubao mnene chini yake. Betri imelala chini ya sakafu, basi jeki inakaa pale tu palipowekewa alama ubavuni, karibu na matairi. Hata gari ndogo kama Nissan Leaf inakaribia tani moja na nusu. Ikishapanda, itegemeze kwa stendi za chuma. Matofali hapana. Jiwe la matumbawe ndiyo kabisa: nyumba tunajengea, lakini lina matundu ndani na hujui litapasuka lini. Litumie kuwa kigingi cha matairi yaliyobaki chini, hapo halina neno.

Sasa hili lisome taratibu, maana ndilo lililoniponza. Gari ya umeme ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo au ukigusa breki kidogo, mota inageuka jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi na diski hazina kazi kubwa. Utaambiwa pedi za gari hizi zinakaa miaka, na ni kweli. Ila mimi naishi Jambiani, Unguja, nyumba inatizama bahari, na chuma kisichofanya kazi hapa kinaliwa na chumvi. Nilikuwa nachungulia kwenye matundu ya ringi kwa tochi ya simu, naona pedi nene, naondoka nimeridhika.

Asubuhi moja nampeleka mama mjini. Betri nimeichaji usiku kucha, imejaa pomoni. Sikujua kwamba betri iliyojaa haina pa kuweka umeme mwingine, hivyo mota haisaidii sana kusimamisha gari, na mzigo karibu wote unaangukia breki za kawaida. Hatujafika Paje, gari ya ng'ombe ikatoka kichochoroni imesheheni makuti. Nikakanyaga. Gari ikavuta kushoto kama mtu kaninyang'anya usukani, tukaingia mchangani, tukasimama mkono mmoja tu na mnazi. Mama akashuka, akakaa chini ya mnazi uleule, akasema yeye anasubiri daladala.

Jirani yangu ni fundi wa mashine za boti, mzee anayeijua chumvi. Akafungua tairi la mbele la kulia, akauliza, "Mwanangu, ulikuwa ukitizama pedi ipi?" Nikamwambia ya nje. "Na ya ndani akitizama nani?" Ya ndani ilikuwa imebaki bati, na diski upande ule imechimbika mistari.

Sababu yake ni hii. Kalipa kama za gari yangu zina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zangu zilikuwa zimeganda kwa kutu. Ya ndani ikafanya kazi peke yake, ya nje haigusi kitu, na tairi lile likawa halina breki ya maana.

Kwa hiyo angalia pedi zote mbili. Ukifungua kalipa itundike kwa waya, usiiache inaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Pini zivute kwa mkono: ziteleze bila ugomvi. Zifute, zipake grisi ya breki isiyoharibu mpira. Grisi ya kawaida inavimbisha vile vipira vinavyozikinga. Kipira kikichanika, badilisha. Pedi ikishuka chini ya milimita 3, badilisha kulia na kushoto pamoja. Ukiona unyevu wa mafuta kuzunguka pistoni, funga, ita fundi.

Vumbi la pedi usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi. Kama hendibreki ni ya kitufe, mara nyingi kalipa za nyuma zina mota: soma kitabu cha gari ujue namna ya kuziweka katika hali ya matengenezo, usisukume pistoni kwa nguvu. Na mlango wa dereva asiufungue mtu. Kuna gari ambazo mlango ukifunguka tu pampu ya breki inaamka, na pistoni isiyo na pedi mbele yake itachomoka. Ndiyo maana nikasema ufunguo ukae ndani ya nyumba.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu, na unyevu kisiwani hatuna uhaba nao. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ile chupa ya jirani iliyobaki nusu tangu mwaka jana, mshukuru, mrudishie.

Kabla hujaondoa gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Nati kaza kwa kupishanisha, kisha jaribu breki polepole uani kabla hujaingia barabarani. Watoto wakae mbali, kuku pia. Mvua ikianza, acha. Na usiifanye Ijumaa karibu na sala. Utaharakisha, na ipo nati utakayoikaza kwa vidole tu ukisema utairudia.