Kuipima hewa ya mapafu kwa maji ya chokaa

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na hewa ukaa asilimia 0.04. Ikitoka, oksijeni imeshuka hadi kama 16 na hewa ukaa imepanda hadi kama 4, yaani mara mia. Naitrojeni karibu haiguswi. Somo mara nyingi huishia hapo, kumbe hiyo ni hewa ya pumzi, si ya mapafu. Ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, oksijeni ni kama 14 na hewa ukaa hupita 5. Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha mililita 500 kwa pumzi moja, na kama 150 kati ya hizo huishia puani, kooni na kwenye mirija, ambako damu haipokei wala haitoi kitu. Hizo ndizo zinazotangulia kutoka, zikiwa zimeongezeka joto na unyevu tu. Anayetaka hewa ya mapafu basi aukamate mkia wa pumzi.

Chokaa iliyoyeyuka majini ikikutana na hewa ukaa hufanya unga mweupe, na maji huwa kama maziwa. Chokaa yenyewe Unguja na Pemba haina shida. Ile ya kutafunia tambuu inafaa sana kwa sababu huwekwa ikiwa mbichi, imefunikwa. Ya kupaka nyumba nayo inafaa, ila chota katikati ya mfuko. Iliyokaa wazi imeshakunywa hewa ukaa ya nje ikarudi kuwa unga wa mawe, na haitafanya kazi.

Tia vijiko vidogo viwili katika lita moja ya maji ya mvua. Jaza chupa hadi shingoni, funga, tikisa, iache usiku kucha. Nyingi itabaki chini, usijali: lita moja haiyeyushi hata gramu mbili. Asubuhi mimina yale ya juu polepole, uyachuje kwa kitambaa kizito. Yakiwa na ukungu tangu mwanzo, hutaona kitu. Maji haya huunguza macho. Yakirukia, osha papo hapo kwa maji mengi. Na mrija ni wa kupuliza, usivute.

Gawa maji sawa katika gilasi tatu, vidole viwili kila moja. Ya kwanza ipulizie hewa ya nje kwa pampu ya baiskeli. Ya pili: vuta pumzi, puliza mpulizo mmoja mfupi tu, toa iliyobaki pembeni, rudia mara kumi. Ya tatu: toa pumzi pembeni mpaka ikaribie kwisha, kisha mpulizo wa mwisho, mfupi vilevile, uingie kwenye mrija, mara kumi pia. Kukosa mrija si udhuru: bua la jani la mpapai lina tundu, lioshe utomvu kwanza.

Ya tatu ndiyo itakayogeuka maziwa mapema. Ya pampu itabaki safi. Ya pili ikiwa nyeupe karibu sawa na ya tatu, mipulizo ya mwanzo ilikuwa mirefu, ikachota hewa ya ndani, ifupishe. Ukipuliza mno, weupe huondoka tena, kwa kuwa hewa ukaa ikizidi huyeyusha ule unga. Maji ya mvua yenye hewa ukaa huyeyusha mawe ya matumbawe kwa njia hiyohiyo, na ndivyo mapango yetu yalivyochimbika.

Unyevu hupimwa kwa kioo cha kivulini. Kilichokaa juani hakishiki ukungu, hata kama hewa ya mapafu ina mvuke kama asilimia 6.

Jaribu pia kuzuia pumzi nusu dakika kabla ya mpulizo wa mwisho: weupe utakuja upesi zaidi. Ila usihemeheme haraka kabla ya kuzuia. Kuhema hivyo hufukuza hewa ukaa, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu avute pumzi, wakati oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Mpiga mbizi anayefanya hivyo anaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi haja ya kupumua.

Gilasi zitabaki na utando mweupe. Sabuni haiutoi, suuza kwa siki au ndimu.