Kabla ya kukata bima na kabla ya dharura: mambo ya kuzingatia nyumbani

Bima hulipa baadaye. Hata kampuni inayolipa vizuri itataka taarifa, fomu, mkadiriaji hasara na ushahidi kabla ya kutoa fedha, na hayo huchukua wiki, pengine miezi. Saa 72 za kwanza baada ya moto, mafuriko au ajali ziko mikononi mwa wenye nyumba. Ndiyo maana mkataba wa bima na madumu ya maji yaliyowekwa akiba yanajadiliwa hapa kwa pamoja.

Anza na hasara, bima ije baadaye. Kaeni nyumbani mwulizane: ni jambo gani likitokea kesho litatuangusha tusiinuke? Kifo cha anayeleta kipato, ugonjwa wa kulazwa muda mrefu, ulemavu unaozuia kazi, nyumba kuungua, kumgonga mtu barabarani na kudaiwa fidia. Hayo ndiyo ya kukatiwa bima kwanza. Simu ikipasuka kioo inauma, lakini haimfilisi mtu, na ada ya kuikatia bima ni heri iingie kwenye akiba. Linalosahaulika kuliko yote ni ulemavu. Mtu aliye hai lakini hawezi tena kufanya kazi bado anakula, anatibiwa na anadaiwa kodi ya nyumba, na bima ya maisha peke yake haimsaidii, isipokuwa mkataba wake umetaja ulemavu waziwazi.

Kiasi cha bima ya maisha kisiamuliwe na wakala. Jumlisha madeni yote, gharama za mazishi, na matumizi ya nyumba kwa mwaka mara idadi ya miaka iliyobaki hadi mtoto wa mwisho ajitegemee. Kisha toa akiba na mali inayouzika. Asiye na anayemtegemea hana haraka nayo. Aangalie matibabu na ulemavu kwanza.

Kipeperushi hakimlipi mtu, kinacholipa ni mkataba. Uombe wote kabla ya kulipa, na uanze kusoma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Mafuriko ni mfano mzuri: mikataba mingi ya nyumba hulipia maji ya bomba lililopasuka ndani, lakini haigusi maji yaliyoingia kutoka nje mpaka umenunua nyongeza. Ukiwa mpangaji, bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake. Kitanda, nguo na vyombo vyako havimo. Kwenye bima ya afya, usiridhike na kiwango kikubwa kilichoandikwa juu ya ukurasa. Ndani yake kuna viwango vidogo vya uzazi, meno, macho na magonjwa sugu, na hivyo ndivyo vinavyoisha mapema. Uliza kipindi cha kusubiri cha kila huduma, yaani muda wa mwanzo ambao huduma hiyo bado hailipiwi, kwa maana ujauzito uliokwisha kuingia siku ya kukata bima kwa kawaida haulipiwi. Uliza pia ni hospitali zipi zinazopokea kadi hiyo, na kama ile iliyo karibu nawe usiku wa manane imo.

Kuna kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai. Ukikubali kubeba zaidi, ada hushuka, na huo ni uamuzi mzuri kwa mwenye akiba. Fedha hiyo lazima iwepo tayari, kwani bila hiyo gari litabaki gereji hata baada ya kampuni kukubali madai.

Jambo linalowaumiza wengi bila kujua ni bima pungufu. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu milioni 100, lakini imekatiwa bima ya milioni 60 ili ada iwe ndogo. Jiko linaungua, hasara ni milioni 20. Mwenye nyumba anatarajia zote 20, kwa kuwa ziko chini ya 60. Mkataba wenye kifungu cha uwiano utamlipa milioni 12, kwa hoja kwamba alikatia bima asilimia 60 tu ya thamani, kisha hapo kinatolewa kile kiasi anachobeba mwenyewe. Kwa hiyo kadiria gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa kifusi. Bei ya kuuzia si kipimo, kwani ndani yake kuna kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kupandisha thamani kupita kiasi nako hakusaidii: mali hulipwa kwa hasara iliyotokea, na kampuni mbili kwa nyumba moja hazikulipi mara mbili. Uliza pia kama vyombo vitalipwa kwa bei ya kipya au kwa bei iliyopunguzwa uchakavu. Televisheni ya miaka 6 ina tofauti kubwa kati ya hesabu hizo mbili.

Fomu ya maombi ijaze kwa mkono wako. Shinikizo la damu, kisukari, upasuaji wa zamani, uvutaji sigara, biashara unayofanyia nyumbani, madai uliyowahi kukataliwa: kila kinachoulizwa kijibiwe kwa ukweli, hata wakala akisema hapo pa kuruka tu. Ukweli uliofichwa kwenye fomu huibuka siku ya madai, pale kampuni inapoomba faili lako la hospitali, na inaweza kukataa kulipa au kuufuta mkataba. Baki na nakala ya fomu uliyoijaza. Kumbuka wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, ilhali dalali wa bima anapaswa kukusimamia wewe. Yeyote kati yao awe na leseni ya mamlaka ya bima, nawe uihakiki huko kwenye mamlaka yenyewe. Ada iende kwenye akaunti ya kampuni na risiti itoke kwa jina lako. Usiitume kamwe kwenye simu binafsi ya mtu.

Sasa nyumbani. Maji ndiyo ya kwanza: lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi mdogo. Watu 5 kwa siku 3 ni lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20, na ukipata nafasi ya wiki 2 ni bora zaidi. Tumia madumu ya chakula yaliyooshwa vizuri. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halisafishiki. Badilisha maji kila miezi 6 na uandike tarehe kwenye mfuniko. Maji yakiwa ya mashaka, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kwenye milima inayozidi mita 2,000. Bila moto, tumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita, sawa na matone 40 kwa dumu, kisha subiri dakika 30. Yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza. Mtu akiharisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu, humrudishia maji mwilini wakati mnatafuta matibabu. Chumvi isizidi, kwani ikizidi hudhuru.

Dawa za kila siku ziwe na akiba ya angalau wiki moja, na nakala ya maelezo ya daktari. Anayetumia insulini ajue kabla atakapoiweka umeme ukikatika. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, na jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi kali, maana hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na humuua mtu usingizini.

Kwa moto, angalieni kwanza mnavyotoka. Nyumba yenye nondo madirishani na kufuli mlangoni iwe na funguo mahali pamoja, karibu na mlango, panapofikiwa na mtoto gizani. Fanyeni zoezi usiku, taa zikiwa zimezimwa, na mkubaliane mahali pa kukutania nje. Kikaango kikiwaka mafuta, zima jiko na ukifunike kwa mfuniko. Maji huyarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake umetoka kwenye kijani ni wa kupelekwa kujazwa leo. Katika mafuriko, zima swichi kuu kabla maji hayajafika, na ukikuta umeshasimama majini usiiguse.

Ushahidi wa mali utengenezwe sasa. Piga video chumba kwa chumba, fungua makabati na droo, soma kwa sauti namba za mashine zilizoandikwa nyuma ya friji na kompyuta, piga picha risiti. Nakala moja iwekwe mtandaoni na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, pamoja na hati, vyeti na namba ya mkataba. Kazi hii inamalizika jioni moja, na ndiyo inayoamua kama madai yatalipwa kwa wepesi.

Janga likitokea, pigeni picha kabla ya kufagia, kisha zuieni hasara isiendelee: funikeni paa kwa turubai, fungeni bomba, na kila risiti ya kazi hiyo itunzwe kwa kuwa mara nyingi hurudishwa. Itaarifu kampuni mapema kwa simu na kwa maandishi, kwani mikataba huweka siku za mwisho. Wizi na ajali ya barabarani huhitaji taarifa ya polisi. Vilivyoharibika visitupwe mpaka mkadiriaji avione, na kama vinanuka na kuhatarisha afya, omba ruhusa ya kuvitupa kwa maandishi na ubaki na picha zake.